Dawa za Tezi ya Thairoidi na za Kalsiamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye madirisha ya famasi na wakati wa makabidhiano ya zamu katika wodi za Dar es Salaam, ambako mgonjwa na muuguzi mgeni mara nyingi huuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Majibu yameandikwa kwa ajili ya wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, lakini mgonjwa anayefuatilia cheti chake naye hatapotea. Dozi zilizotajwa ni za watu wazima isipokuwa pale inapoelezwa vingine, nazo hazichukui nafasi ya maagizo ya daktari anayemjua mgonjwa husika.

## Mambo ya msingi

1. Tezi ya thairoidi hufanya kazi gani, na kwa nini TSH ikiwa kubwa tunaambiwa tezi imelegea?

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na hutumia madini joto kutengeneza homoni mbili: thairoksini, inayoandikwa T4, na T3, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi ndani ya seli. Sehemu kubwa ya kinachotoka kwenye tezi ni T4, kisha mwili huibadilisha kuwa T3 kadiri unavyohitaji. Homoni hizi ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto, choo, usingizi, hata hedhi.

TSH haitoki kwenye thairoidi, bali hutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Thairoidi ikizembea, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda. Thairoidi ikizidisha, pituitari hunyamaza na TSH hushuka. Kwa hiyo namba kubwa kwenye karatasi ya maabara ni dalili ya tezi dhaifu, si ya tezi yenye bidii, na muuguzi akilieleza jambo hili mapema humwepusha mgonjwa na hofu isiyo ya lazima.

2. Nina rovu. Si nitumie tu chumvi yenye madini joto?

Rovu ni jina la uvimbe, si jina la ugonjwa. Uvimbe huo unaweza kutokana na upungufu wa madini joto, jambo lililofahamika sana katika mikoa ya nyanda za juu. Unaweza pia kuwa wa tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ya tezi iliyolegea, au ya tezi yenye vinundu ambayo homoni zake ziko sawa kabisa. Chumvi yenye madini joto huzuia rovu la upungufu, lakini haichukui nafasi ya dawa kwa mtu ambaye tezi yake imeshaharibika. Tena kwa mwenye rovu kuukuu la vinundu, madini joto mengi ya ghafla, kama yale ya matone ya dukani, yanaweza kuiwasha tezi na kumletea mapigo ya moyo ya kasi. Kipimo kitangulie, dawa ifuate.

## Levothairoksini: kwa tezi iliyolegea

3. Kwa nini nalazimishwa kumeza kidonge kabla ya chai?

Kwa sababu levothairoksini, yaani T4 ya kidonge, hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, na vitu vingi tunavyovipenda asubuhi huizuia. Maziwa yana kalsiamu inayoshikamana nayo, na kahawa hupunguza kiasi kinachoingia kwenye damu. Kinachotakiwa ni kumeza kidonge kwa maji matupu, kisha kusubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya kunywa au kula chochote.

Mama mmoja wa makamo aliwahi kuniambia kliniki, huku akiwa ameshika kopo la dawa lililobakiwa na vidonge vichache kama inavyotakiwa: “Sista, mimi sijaruka hata siku moja, lakini TSH haishuki.” Alikuwa anasema kweli. Tulipoifuatilia asubuhi yake hatua kwa hatua, tukakuta kidonge kinamezwa kwa chai ya maziwa, kwa sababu ndicho kinywaji kilichokuwa mkononi wakati anawaandaa wajukuu kwenda shule. Dozi haikuongezwa. Kidonge kilihamishiwa saa kumi na moja alfajiri, pembeni ya kitanda, pamoja na chupa ya maji, na kipimo kilichofuata kilishuka. Kabla ya kumwomba daktari apandishe dozi, muulize mgonjwa anameza kwa kitu gani. Usiishie kumuuliza kama anameza.

4. Natumia pia vidonge vya kuongeza damu. Naweza kumeza vyote pamoja ili nisisahau?

Hapana. Madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kutuliza asidi ya tumbo hushikamana na levothairoksini ndani ya utumbo, na kinachotokea ni kwamba dawa inapita bila kuingia mwilini. Acha nafasi ya saa 4. Ratiba inayowafaa wengi ni levothairoksini alfajiri na vidonge vya damu baada ya chakula cha mchana au cha usiku.

Swali hili lina uzito wa pekee kwa wajawazito, kwa kuwa kila mmoja hutoka kliniki na pakiti ya vidonge vya damu, na yule aliyempa huenda hakujua kwamba ana dawa nyingine nyumbani. Mimba yenyewe huongeza mahitaji ya thairoksini, kwa kawaida kwa asilimia 25 hadi 30, tena tangu wiki za mwanzo. Mwanamke anayetumia levothairoksini anapaswa kurudi kwa daktari mara tu anapokosa siku zake, asisubiri mimba ionekane, na asiache dawa kwa kudhani itamdhuru mtoto. Kinachomdhuru mtoto ni kuikosa.

5. Nikisahau dozi moja, nimeze mbili kesho?

Usizidishe mwenyewe. Ukikumbuka siku hiyo hiyo na tumbo likiwa tupu, meza. Vinginevyo endelea na ratiba ya kawaida kesho. T4 huondoka damuni polepole, nusu yake ikichukua takribani siku 7, hivyo siku moja haiangushi mtu. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya TSH isipimwe mapema: dozi ikianzishwa au ikibadilishwa, subiri wiki 6 hadi 8, kwa maana kipimo cha wiki ya pili kitampotosha daktari na kula fedha ya mgonjwa bure.

6. Wakati wa Ramadhani nifanyeje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuamka mapema kidogo na kumeza kidonge dakika 30 au zaidi kabla ya daku. Ya pili ni kumeza wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya kula mara ya mwisho. Njia hii huwa ngumu kwa anayeendelea kutafuna kitu baada ya tarawehe. Chagua moja na uishike mwezi mzima.

7. Kwenye chati pameandikwa 50, lakini sijui ni mikrogramu au miligramu. Nitoe nini?

Usitoe kitu mpaka umeuliza. Levothairoksini hupimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu 50 ni sawa na miligramu 0.05, hivyo anayeandika miligramu 50 ametaja dozi iliyozidi mara 1,000. Hakuna atakayemeza vidonge 1,000, ni kweli, lakini kosa la desimali kati ya 0.025 na 0.25 ni la mara 10, nalo ni vidonge vinavyotosha kwenye kiganja cha mkono. Andika neno lenyewe, “mikrogramu”, kwa herufi zote, na ulitamke hivyo wakati wa kukabidhiana zamu.

Dozi kamili ya mtu mzima hukadiriwa kwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo daktari huanza na mikrogramu 12.5 hadi 25 na kupanda taratibu, kwa kuwa moyo uliozoea mwendo wa pole ukikurupushwa unaweza kupata maumivu ya kifua au mapigo yasiyo na mpangilio. Kabla ya kutoa dozi za mwanzo hesabu mapigo, na ukiyakuta zaidi ya 100 kwa dakika akiwa amepumzika, mwambie daktari kwanza.

8. Mtoto mchanga apewe vipi kidonge?

Kisage, kichanganye na maji kidogo au maziwa ya mama kidogo kwenye kijiko, umpe papo hapo. Usikitie kwenye chupa nzima ambayo huenda asiimalize, wala usikichanganye na maziwa ya soya. Dozi yake kwa uzito ni kubwa kuliko ya mtu mzima, mikrogramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, na wazazi wasishtuke. Mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi anatakiwa aanze dawa ndani ya wiki 2 za kwanza, kwa sababu ubongo wake haungoji.

## Kabimazoli na wenzake: kwa tezi inayozidisha

9. Nimetumia kabimazoli wiki nzima na moyo bado unakwenda mbio. Dawa ni feki?

Si lazima. Kabimazoli huizuia tezi kutengeneza homoni mpya, lakini haiziondoi zile zilizokwisha kuhifadhiwa, na ghala la thairoidi ni kubwa. Nafuu halisi huja baada ya wiki 3 hadi 6 hivi. Katika kipindi hicho daktari huongeza propranololi, ambayo haiigusi sababu ya ugonjwa ila hupunguza mapigo, kutetemeka na jasho. Uliza habari ya pumu kabla ya dozi ya kwanza, maana propranololi inaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Na kwa mwenye kisukari inaficha dalili za sukari kushuka. Matibabu ya kabimazoli yenyewe kwa kawaida huendelea miezi 12 hadi 18.

10. Natumia kabimazoli na nimepata homa. Ni malaria?

Huenda ni malaria, lakini katika jiji hili jibu hilo huja haraka mno, na hapa ndipo pa kusimama. Kabimazoli na propilthiourasili (PTU) zinaweza kuzima utengenezaji wa chembe nyeupe za damu zinazopambana na vimelea. Hutokea kwa nadra, kwa watu 2 hadi 5 katika kila 1,000, na mara nyingi ndani ya miezi 3 ya kwanza, lakini anayepatwa anaweza kufariki kwa maambukizi ndani ya siku chache. Dalili zake ni homa, koo kuuma na vidonda mdomoni, yaani dalili ambazo mtaani kila mtu ana dawa yake tayari.

Nilipokuwa zamu ya usiku tulimpokea dada aliyekuwa na homa ya siku nne. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi, alikuwa amekwisha kumeza dawa mseto hata hivyo, kisha akaongezewa antibayotiki ya koo alikopita. Hakuna aliyemuuliza dawa anazotumia kila siku, na yeye hakuona sababu ya kuitaja ile ya shingo. Ilionekana tu pale ndugu yake alipomimina mkoba kitandani kutafuta simu: pakiti ya kabimazoli, iliyobakiwa na vidonge sita. Kipimo cha FBP (hesabu ya chembe za damu) kilionyesha kwamba chembe nyeupe zilikuwa zimekaribia kwisha. Alipona, lakini kwa wiki mbili za antibayotiki za mshipa na chumba cha peke yake.

Kwa hiyo maelekezo ni haya: mgonjwa wa kabimazoli au PTU akipata homa, koo au vidonda vya mdomo, asimeze dozi inayofuata, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na pamoja na kipimo cha malaria afanyiwe FBP. Maneno hayo yaandikwe kwenye kadi yake kwa lugha anayoisoma. Akionekana ana macho ya manjano au mkojo wa rangi ya chai ya rangi, sheria ni hiyo hiyo, safari hii kwa ajili ya ini. Mwasho na vipele vidogo haviko kwenye kundi hili. Mara nyingi hutulizwa kwa dawa ya mzio bila kuacha matibabu. Madhara makubwa yaripotiwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

11. Mjamzito atumie ipi?

Katika miezi 3 ya kwanza huchaguliwa PTU, kwa sababu kabimazoli katika kipindi hicho inahusishwa na kasoro kwa mtoto, ikiwemo sehemu ya ngozi ya kichwa kutoota. Baadaye daktari anaweza kumrudisha kwenye kabimazoli, kwa kuwa PTU ni kali zaidi kwa ini. Lolote litakaloamuliwa, dozi huwa ndogo kadiri inavyowezekana, na tahadhari za swali la 10 zinabaki vile vile.

12. Matone ya Lugol ni ya nini, na kwa nini hutangulizwa dawa nyingine?

Ni myeyusho wa iodini, yaani madini joto, ulioanzishwa na daktari Mfaransa Jean Lugol mwaka 1829. Hutolewa kwa siku 7 hadi 10 kabla ya upasuaji wa tezi ili kupunguza damu inayopita humo, na hutolewa pia pale tezi inapofyatuka kwa dharura: joto kali, mapigo ya kasi sana, kuchanganyikiwa. Katika dharura hiyo PTU hutangulia, na iodini hufuata baada ya saa 1 au zaidi, kwani iodini ikiikuta tezi iko wazi inageuka malighafi ya homoni nyingine. Propranololi na haidrokotisoni huingia katika mpango huo huo. Joto lishushwe kwa parasetamoli, si aspirini, ambayo huachia T4 zaidi katika damu.

Yachanganye matone na maji au juisi, na mgonjwa anywe kwa mrija ili meno yasipate madoa.

13. Naambiwa nitakunywa iodini ya mionzi. Nitaambukiza familia?

Mionzi haiambukizi kama kikohozi, ila kwa siku kadhaa mwili hutoa kiasi chake kupitia mkojo, jasho na mate. Lala peke yako, usipakate watoto wala kukaa karibu na mjamzito kwa siku utakazoelekezwa, na mwaga maji mengi chooni. Mjamzito na anayenyonyesha hawapewi kabisa, na mwanamke asishike mimba kwa miezi 6 baadaye. Wengi huishia na tezi iliyolegea na kuhamia kwenye majibu ya swali la 3 hadi la 7, jambo ambalo ni vizuri waambiwe kabla ya kunywa.

## Kalsiamu

14. Kwa nini mgonjwa aliyetolewa rovu anaulizwa kila mara kama midomo inachomachoma?

Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo, parathairoidi, zinazolinda kiwango cha kalsiamu. Katika upasuaji zinaweza kujeruhiwa au kuondolewa kwa bahati mbaya, na kalsiamu huanza kushuka, hasa kati ya saa 24 na 72. Dalili za mwanzo ni ganzi na kuchomachoma kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole. Zikipuuzwa hufuata misuli kukakamaa, degedege na koo kubana kiasi cha kuzuia pumzi.

Kipimo cha kitandani hakihitaji maabara. Funga mkanda wa mashine ya presha, upandishe juu kidogo ya presha ya juu ya mgonjwa, uuache dakika 3 huku ukiutazama mkono: vidole vikijikusanya vyenyewe kama vya mtu anayeokota chumvi, ita daktari na uandae kalsiamu ya mshipa. Mara nyingine muuguzi huiona akiwa anapima presha tu ya kawaida, na mgonjwa hudhani anataniwa na mkono wake.

15. Kalsiamu ya mshipa hutolewaje kwa usalama?

Kwanza soma jina lote la ampuli. Mililita 10 za kalsiamu glukonati ya asilimia 10 zina takribani miligramu 93 za kalsiamu yenyewe, ilhali kiasi kile kile cha kalsiamu kloridi kina takribani 270, mara tatu hivi. Ampuli mbili zinazofanana hazibadilishani.

Kwa dalili kali hutolewa mililita 10 hadi 20 za glukonati ndani ya mililita 50 hadi 100 za dekstrosi au salini, kwa dakika 10 hadi 20, moyo ukifuatiliwa kwa monita. Ikikimbizwa, mapigo hushuka na moyo unaweza kusimama; kwa anayetumia digoksini (dawa ya moyo) hatari ni kubwa zaidi. Tumia mshipa mkubwa na kanula ambayo umeijaribu kwanza, kwa sababu dawa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama na ngozi inaweza kuoza. Mgonjwa akisema panawaka moto, simamisha kabla hujaangalia. Haichomwi kwenye msuli.

16. Mgonjwa yuko kwenye seftriaksoni. Naweza kutumia kanula ile ile?

Si kwa pamoja. Seftriaksoni, ambayo ni antibayotiki, na kalsiamu zikikutana hufanya chembechembe ngumu. Kwa mtu mzima zinaweza kupishana, mrija ukisafishwa vizuri kwa salini katikati. Kwa mtoto mwenye umri wa siku 28 au chini hazipewi zote mbili hata kwa mishipa tofauti. Kinachosahaulika wodini ni kwamba dripu ya Ringa nayo ina kalsiamu, hivyo seftriaksoni haichanganywi nayo. Usichanganye kalsiamu na baikaboneti wala fosfeti pia.

17. Tumetoa kalsiamu mara mbili na haipandi. Tatizo ni nini?

Fikiria magnesiamu. Ikiwa chini, parathairoidi hazitoi homoni yake ipasavyo, na kalsiamu haitapanda mpaka magnesiamu irekebishwe. Angalia pia albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu: ikiwa ndogo, kalsiamu ya jumla huonekana ndogo bila mgonjwa kuwa na upungufu wa kweli. Hukadiriwa kwa kuongeza 0.02 mmol/L kwa kila gramu 1 kwa lita iliyopungua chini ya 40.

Wakunga wanaujua uhusiano huu kwa upande wa pili. Mama wa kifafa cha mimba akizidiwa na magnesiamu salfeti, pumzi zikashuka chini ya 16 kwa dakika au goti likakosa kuruka linapogongwa, dawa husimamishwa, na ikiwa pumzi zinakatika hupewa gramu 1 ya kalsiamu glukonati polepole. Ampuli hiyo ikae kwenye trei ya kifafa cha mimba, isiwe ya kufuatwa famasi.

18. Vidonge vya kalsiamu vimezwe lini, hasa kwa anayetumia ARV?

Kalsiamu kaboneti humezwa pamoja na chakula kwa kuwa inahitaji asidi ya tumbo. Kalsiamu sitrati haijali. Kwa mkupuo mmoja mwili hufyonza vizuri miligramu 500 hivi za kalsiamu yenyewe, kwa hiyo dozi kubwa hugawanywa.

Anayetumia TLD (kidonge chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) ameze ARV yake saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, au ameze vyote pamoja na chakula. Bila chakula, kalsiamu huzuia dolutegraviri isifyonzwe. Siprofloksasini na doksisaiklini nazo hutenganishwa na kalsiamu. Kwa levothairoksini, rejea swali la 4.

19. Na kalsiamu ikiwa nyingi kupita kiasi?

Mgonjwa huwa na kiu, hukojoa sana, hufunga choo, hulegea na akili hupotea taratibu. Sababu kubwa ni uvimbe wa parathairoidi na saratani. Matibabu huanza na salini ya mshipa, huku muuguzi akipima mkojo na kusikiliza mapafu. Asidi ya zoledroniki, miligramu 4 kwa dakika 15 au zaidi, hufuata baada ya kuangalia kreatinini, kipimo cha figo. Inachukua siku 2 hadi 4 kufanya kazi na inaweza kuleta homa siku ya pili. Kalsitonini hufanya kazi ndani ya saa chache, lakini nguvu yake hufifia baada ya siku mbili hivi. Pitia pia dawa za presha: za kundi la thiazidi, kama haidroklorothiazidi, hupandisha kalsiamu.

## Hali zisizo za kawaida

20. Nimeanzishiwa dawa za kifua kikuu. Dozi ya thairoidi itabadilika?

Inaweza. Rifampisini hulifanya ini liiondoe levothairoksini haraka zaidi, na dawa za kifafa, kabamazepini na fenitoini, hufanya vivyo hivyo. TSH ipimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza, na tena zikisimamishwa. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni kinyume chake: levothairoksini ikipanda, damu huwa nyepesi zaidi, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ifuatiliwe kwa karibu.

21. Natumia vidonge vya nywele na kucha. Vina shida?

Vingi vina bayotini, ambayo haiharibu tezi lakini katika baadhi ya mashine huharibu majibu, mtu mzima wa afya akaonekana ana tezi inayozidisha. Viache siku 2 kabla ya kutoa damu. Kuhusu wanaomeza levothairoksini ili wapungue mwili, jibu ni fupi: kinachopungua kwanza ni misuli, na kinacholipa ni moyo.

22. Dawa zihifadhiwe wapi kwa joto la Dar es Salaam?

Levothairoksini huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na kwa kawaida pakiti husema isizidi nyuzi 25. Januari na Februari nyumba nyingi hupita hapo mchana kutwa. Vidonge vibaki kwenye pakiti yake, katika kabati la chumba chenye hewa, mbali na jiko, dirisha na juu ya friji ambako injini hutoa joto; visiachwe kwenye gari wala kwenye mfuko wa bodaboda. Nunua vya mwezi mmoja au miwili, na ukipewa vya kampuni nyingine mwambie daktari ili TSH ipimwe tena baada ya wiki 6.